Kwikwi ya Msibani

Mzee Mwinshehe alikuwa katikati ya kuwashukuru watu waliokuja kumzika mdogo wake, Kondo, pale kwikwi ya kwanza ilipompata.

"Ndugu zangu, nawashukuru mliotoka karibu na mliotoka mba— kwik!"

Akanyamaza. Akameza mate. Turubai zima likainamisha macho chini, maana mfiwa ni mfiwa, hata akianguka kwenye kiti huwezi kumcheka.

"Nasema, nawashukuru sana. Hasa majirani zetu wa hapa Mzenga Mpya, ambao tangu ja— kwik!"

Mtu mmoja huko nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mzee akaweka mkono kifuani, akangoja, akajaribu tena neno moja tu, "Marehemu," na kwikwi ikamrusha mabega mpaka kofia ikamkaa upande. Hapo ndipo sura yake ilipobadilika. Akaacha kuwatazama waombolezaji, akaanza kutafuta mtu.

"Yuko wapi?" akasema. "Yule mpagazi yuko wapi?"

Turubai likalipuka. Wanawake ndani ya nyumba, waliokuwa wanalia, wakasikia kicheko wakauliza kuna nini, wakaambiwa mtani kafika, nao wakaanza kucheka huku wanapenga kamasi.

Lubasha akajitokeza nyuma ya sufuria la pilau, mfupa wa mbuzi mkononi, mdomo unang'aa mafuta. Fundi wa bodi, Mnyamwezi wa watu, kazaliwa hukohuko Mzenga Mpya lakini kwa Wazaramo atabaki mpagazi mpaka kiama, kwa sababu babu wa babu zake walishuka pwani na pembe za ndovu begani.

"Naona Mzaramo leo kashindwa hata kusema," akasema. "Na kusema ndiyo kazi pekee mnayoiweza."

"Nitolee hii kitu, mbeba mizigo we— kwik!"

"Nikomboe kwanza."

Ndivyo mambo yanavyokwenda. Siku ya msiba mtani anaruhusiwa karibu kila kitu. Atajilaza kwenye jeneza, ataiba sahani, atamlilia marehemu kwa kumsema uchoyo wake, na hakuna wa kumgusa mpaka akombolewe. Zamani walificha majembe ya kuchimbia kaburi. Siku hizi watu wana bodi vifuani, na Lubasha alikuwa na kisomeo mfukoni.

Wakabishana. Mzee akatoa jogoo, Lubasha akasema jogoo wa Kizaramo ni mvivu kama mwenyewe. Mzee akaongeza kitambaa cha begani. Hatimaye mtani akakubali, akasogea, akakigusisha kile kisomeo, kiduara kidogo kama kifuniko cha chupa, kwenye mfupa wa bega la mzee. Akafuta kwikwi.

"Haya, ongea. Tunajua huwezi kukaa kimya."

Mzee Mwinshehe akavuta pumzi, akajaribu, maneno yakatoka safi. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya kicheko na ya Kondo yamechanganyika. Akambamiza Lubasha kofi la mgongoni. "Mungu akulipe," akasema chini chini. "Nilikuwa nasikia kama moyo unapasuka."

Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Lubasha akarudi kwenye pilau lake anajiona mtu.

*

Alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa nyuma ya jiko alipotoa kisomeo tena ili apandishe ukuta.

Hapa lazima tuelewane kuhusu vifua vya wazee wa Mzenga Mpya. Wale walikuwa vijana wakati dampo kubwa la mji lilipofukuliwa, na moshi uliotoka chini kule uliwala mshipa unaoamrisha kiwambo cha pumzi. Mapafu mazima, moyo mzima, ila hakuna anayeliambia bomba livute. Mradi ule wa kufukua dampo ukawapa bodi. Kipande cha saketi chini ya ngozi, waya mmoja mpaka kwenye kiwambo, na bodi ndiyo inayosema: vuta, toa, vuta, toa. Bodi ikinyamaza, kifua nacho kinanyamaza. Na kwa kuwa bodi tayari ilikuwa na betri na antena, kuna mtu ofisini akaona si vibaya kuwekea na simu humohumo. Ndiyo maana wazee hawa hawana simu mkononi. Meseji zinawasemea kwenye mfupa.

Sasa pumzi na simu kwenye bodi moja ni jambo la kutisha, na waliotengeneza walilijua hilo. Kumbukumbu ya bodi ni kama nyumba ya vyumba vya kupangisha. Pumzi ina chumba chake, meseji chumba chake, na mwishoni kuna kichumba cha mapambo, milio na mambo ya kipuuzi. Kiini, ile programu mama, ndiye mwenye nyumba. Lakini mlinzi si programu, mlinzi ni saketi yenyewe. Programu ikinyoosha mkono kugusa kitu, mlinzi anauliza: hiki chumba chako? Si chako, anaiua papo hapo. Habembelezi, hana mjadala. Mafundi wanamwita ukuta.

Kwikwi ya Lubasha ilikaa kwenye kichumba cha mapambo. Ili imrushe mzee mabega, ilibidi ifike kwenye chumba cha pumzi. Kwa hiyo asubuhi ile, kwa ruhusa aliyonayo kama fundi, Lubasha aliushusha ukuta.

Akabonyeza: pandisha.

Kisomeo kikatetemeka, kikaandika: *Imefungwa. Washa bodi upya.*

Akabonyeza tena. Imefungwa.

Akaacha kutafuna.

Chuoni, kabla hajaacha mwaka wa tatu kwa sababu ambazo kila mwaka anazieleza tofauti, Lubasha alihudhuria somo la ukuta na kulipenda. Kilichofundishwa wiki iliyofuata, kuhusu kufuli, hakumbuki, kwa kuwa wiki hiyo alikuwa amefukuzwa bwenini kwa kupaka gundi viti vya bwalo. Sasa kufuli alikuwa analijifunza. Ukuta ukishaguswa mara moja, bodi inajifungia mipangilio yake, asije mwizi akaichezea, na haifunguki mpaka izimwe na kuwashwa upya. Kuizima maana yake ni kuzima pumzi.

Akajiambia, sawa, hakuna shida. Kwikwi imetoka. Nyumba haina ukuta lakini wapangaji wana adabu. Wiki ijayo atampeleka mzee kituoni mjini, waizime bodi huku mashine ya hewa ikiwa pembeni, basi. Akafungua kuangalia vyumba, kwa kujituliza tu.

Chumba cha meseji kilikuwa kimefurika.

Mfiwa hasikilizi rambirambi kabla maiti haijazikwa, ni adabu ya watu wale. Anaziacha zisubiri. Na Mzee Mwinshehe alikuwa mtu wa watu. Tangu alfajiri sauti zilikuwa zinamiminika, za kina mama waliolia dakika nzima kabla hawajasema neno, za wajukuu, za watu wa msikitini, za watu aliofukua nao dampo. Programu ya meseji yenyewe haikuwa na akili ya kusema nimejaa. Walioiandika walimtegemea mlinzi. Siku zote ilipojaa iligonga ukuta, mlinzi akaiua, ikazaliwa upya, meseji moja ikapotea, nani anajua.

Leo hakukuwa na ukuta. Chumba kilichofuata kilikuwa cha pumzi.

Lubasha akasogeza macho taratibu, kama mtu anayefunua kitambaa juu ya kidonda. Maagizo ya kuvuta pumzi mtu akiwa amekaa: mazima. Akisimama, akitembea: mazima. Maagizo ya mtu aliyelala yalikuwa yamefutika, kitu kingine kimeandikwa juu yake. Pale palipokuwa na hesabu ya vuta na toa, palikuwa na kipande cha sauti ya mwanamke fulani anasema *pole sana kaka, pole*.

Kufuta meseji kusingesaidia. Kilichofutika kimeshafutika, na nakala safi ya maagizo inapakiwa wakati mmoja tu, bodi inapowaka.

Bodi hujua mtu amelala kwa jinsi kifua kinavyoinama. Lubasha akainuka, akachungulia kwenye turubai. Wakati huohuo kabisa Mzee Mwinshehe, kachoka, akajiegemeza nyuma kwenye kiti, akanyoosha miguu, kidevu juu. Akakaa hivyo. Halafu macho yakamtoka. Mdomo ukafunguka, hauna sauti. Akajikurupusha mbele, akakohoa, akavuta hewa kama mtu aliyeibuka kisimani.

"Pole baba," mtu akamwambia. "Ni majonzi hayo."

"Ni majonzi," mzee akakubali, anajifuta uso.

Lubasha akalitua pilau chini, akatafuta namba ya kituo.

*

Akapiga kituoni. Msichana akapokea kwa sauti ya asali. "Kituo cha Bodi za Pumzi, karibu, nikusaidie?"

"Nina mgonjwa. Ukuta wake umeshuka."

Asali ikaisha. "Ukuta haushuki wenyewe. Nani kaushusha?"

Akakata.

Akasimama pale, moshi wa kuni unampitia usoni, na akili yake, ambayo maisha yake yote ilikuwa na kazi ya kubuni vituko, ikaanza kumbunia kitu kingine. Ikamwambia polepole, bila haraka. Nyamaza. Mzee ataenda kulala usiku. Asubuhi watamkuta. Watu watasema alimpenda mdogo wake mno, hakuweza kubaki nyuma yake. Watasema ni jambo zuri hata, ndugu wawili kufuatana. Bodi ikizima, inajisahau. Hakuna atakayekuta mkono wa fundi. Na wewe utaitwa kwenye msiba huo, maana mtani ni wewe. Utakuja na mfupa mkononi. Utajilaza kwenye jeneza lake, na watu watacheka.

Kilichomtisha ni kwamba aliiona picha ile yote, mpaka rangi ya shati atakalovaa, na haikuwa ngumu.

Akamtafuta Kibwana.

Kibwana alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee, mwalimu wa hesabu, mtu wa kupanga mambo. Alikuwa anahesabu watu wa kubeba jeneza.

"Kibwana. Njoo pembeni. Baba yako asilale. Asiiname. Akiinama pumzi inakata."

Kibwana akamtazama, pembe za midomo zikaanza kupanda. "Umeshachukua jogoo. Sasa unataka mbuzi?"

"Sitanii. Nilishusha ukuta kwenye bodi yake kwa ajili ya kwikwi, na sasa haupandi. Meseji zimeingia kwenye pumzi."

"Meseji zimeingia kwenye pumzi!" Kibwana akawageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Mpagazi anasema baba anapumua meseji!"

Wakacheka. Mmoja akasema ndiyo maana mzee anaongea sana. Lubasha akamshika Kibwana mkono kwa nguvu.

"Naapa."

"Mtani akiapa ndiyo mshike mifuko," Kibwana akasema, akamtia kipande cha halua mkononi kumkomboa, akaendelea kuhesabu watu wake.

Hapo Lubasha akaelewa alikuwa amesimama wapi. Siku nyingine yoyote angesema na angesikilizwa. Yeye ndiye fundi, wangempandisha mzee kwenye gari wakimbie. Lakini leo kila neno linalotoka mdomoni mwake ni utani kabla halijafika masikioni mwa mtu. Akipiga kelele ni utani. Akilia ni utani mzuri zaidi, kwa sababu watani hulia vizuri kuliko wafiwa.

Na jeneza likainuliwa.

*

Mzee Mwinshehe aliswali adhuhuri kwenye kiti, kama wanavyoswali wazee wote wa bodi, na Lubasha, aliyesimama nje ya dirisha la msikiti, alihesabu kila pumzi ya mgongo ule. Jeneza likapita mikono kwa mikono mpaka makaburini. Mchanga mwekundu ulikuwa umerundikwa pembeni. Kaburi lilikuwa na mwanandani kwenye ubavu wa chini, kishimo kile cha kumlaza marehemu, na atakayempokea lazima ashuke, ainame sana, amwingize taratibu, amlaze ubavu, amfungue kamba za sanda. Si kazi ya mara moja.

Mzee akavua viatu.

"Unakwenda wapi?" Kibwana akauliza.

"Nampokea mdogo wangu. Ulidhani nani?"

Lubasha akaruka. Akatua ndani ya kaburi kwa magoti, akajilaza chali, akatanua mikono na miguu ikagusa kuta zote mbili. Mchanga ukamwagikia machoni.

Juu kukawa na kicheko kikubwa cha watu waliokuwa wanakingoja. Mtani kaingia! Hakuna maziko yaliyokamilika mtani asipoingia. Sarafu zikaanza kumdondokea kifuani.

"Ongezeni! Mnyamwezi haamki kwa chenji!" mmoja akawaambia wenzake.

"Sitanii!" Lubasha akapiga kelele. "Msimshushe mzee! Atakufa humu! Nimeharibu bodi yake!"

"Kaharibu bodi!" wakaitikia kama kibwagizo. Sarafu nyingine ikampiga kwenye jino.

Mzee Mwinshehe akachungulia kutoka juu. Kwa pale chini alionekana mkubwa kuliko mbingu. "Toka, mbeba mizigo," akasema, na alikuwa anatabasamu, uso umechoka lakini unatabasamu. "Hilo si lako. Lako lipo Tabora, limeshaota majani." Akateremsha mguu mmoja.

Lubasha akaushika ule mguu kwa mikono miwili akausukuma juu. Watu wakaangua kicheko. Akausukuma tena. Safari hii kicheko kilikuwa kidogo. Shehe akakohoa. Kibwana akasema, "Mtani, imetosha sasa, maiti inangoja," na sauti yake ilikuwa na ncha.

Utani una mpaka, na Lubasha alikuwa anauona mpaka ukija. Dakika moja zaidi wangemtoa kwa mabavu, wangemweka nyuma ya watu, na mzee angeshuka. Alishaapa. Alishapiga kelele. Hakuwa na neno lililobaki ambalo mtani hajawahi kulisema kwa uongo.

Akapanda kutoka kaburini peke yake. Akafika mbele ya mzee, akapiga magoti kwenye mchanga, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," akasema.

Hakuna aliyecheka.

Mtani hamwamkii mtani. Tangu Lubasha ajue kusema, salamu yake kwa mzee huyu ilikuwa tusi, na jibu lake lilikuwa tusi, na tusi lile ndilo lililowafanya wawe ndugu. Tabasamu la Mzee Mwinshehe likakaa usoni kitambo bila mwenyewe, halafu likaondoka. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye kifua.

"Umesemaje?"

"Shikamoo."

Mzee hakuitikia. Alikuwa ameanza kuogopa. Lubasha aliiona hofu ikimshuka kutoka kwenye macho mpaka kwenye vidole.

"Sema," akamwambia.

Akasema yote. Ukuta, kufuli, rambirambi zilizofurika, maagizo ya kulala yaliyofutika. Kwamba kwenye kiti kule hayakuwa majonzi. Alipomaliza, Kibwana alikuwa ameshamkaba ukosi wa shati, amemnyanyua mpaka akasimama kwa vidole vya miguu.

"Mwache," mzee akasema. "Nina maswali. Ulijua tangu saa ngapi?"

"Kabla ya adhuhuri."

"Na ukampigia nani?"

"Nilipiga kituoni. Waliponiuliza nani kaushusha, nikakata."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea hesabu na kuikuta sawa na alivyodhani.

"Tunakwenda mjini," Kibwana akasema. "Sasa hivi. Lete gari."

"Njia ni ndefu," Lubasha akasema. "Na meseji hazijaacha kuingia. Mstari unaofuata baada ya kulala ni wa kukaa. Zikifika hapo, itakuwa ndani ya gari, na humo sitakuwa na nafasi ya kufanya kitu."

"Ukinizima hapa?"

"Bodi itajipakia upya yote. Ukuta utapanda wenyewe. Lakini mpaka iamke, hutapumua. Nitakupulizia mimi."

"Itaamka?"

"Ya kwako ni ya toleo la kwanza. Betri imechoka. Nyingine huwa zinaamka. Sijui, baba."

"Hapana," Kibwana akasema. "Baba, hapana. Huyu mtu asikuguse tena."

Mzee Mwinshehe akatazama jeneza. Akatazama shimo. Upepo ulikuwa unaipeperusha kanga iliyofunika jeneza.

"Kondo hana mtoto wa kiume," akasema. "Wa kumlaza ni mimi. Sitamlaza nikiwa najiuliza pumzi ipi ni ya mwisho." Akaketi juu ya rundo la mchanga, mgongo umenyooka, akafungua vifungo vya kanzu. "Nizime. Nikiwaka, nitashuka. Nisipowaka, shimo lipo, mtalipanua tu."

Hata sasa kuna mtu mmoja huko nyuma alitaka kucheka. Akashindwa.

*

Kibwana akakaa nyuma ya baba yake, akamshikilia wima. Lubasha akapaka mate kwenye kisomeo ili kishike ngozi. Akachagua: zima. Bodi ikauliza kama inavyouliza siku zote: una uhakika? Hakuwa nao. Akabonyeza ndiyo.

Kifua cha mzee kikashuka. Hakikupanda.

Kimya cha kifua si kama kimya kingine. Huwa hujui mtu alikuwa na sauti mpaka sauti hiyo ikatike. Lubasha akambana pua, akaweka mdomo juu ya mdomo wa yule mzee, wenye harufu ya karafuu na kahawa ya msibani, akapuliza. Kifua kikapanda kwa hewa yake. Kikashuka. Akapuliza tena. Macho ya mzee yalikuwa wazi, yanamtazama kwa karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kumtazama. Yalikuwa na akili zote, yanaelewa kila kitu, na hayawezi kufanya lolote.

"Mtani anambusu mzee!" mtu akapiga kelele kwa mbali, aliyechelewa, anakuja na mwavuli wake. Wakamnyamazisha.

Kisomeo kikatoa mwanga mwekundu. Kiini kimeamka. Lubasha akapuliza. Mwanga wa njano: mlinzi anachora mipaka, chumba kwa chumba, chuma chenyewe kinahesabu hapa ni pako, hapa si pako. Ukuta ulikuwa umepanda. Akapuliza. Baada ya njano huja kijani, pumzi inapakiwa.

Mwanga ukazimika.

"Nini?" Kibwana akasema. "Lubasha, nini?"

Betri. Imepandisha ukuta, imechoka hapohapo. Lubasha hakuwa na pumzi ya kujibu. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa ya watu wawili. Akapuliza, akasugua kisomeo kwenye shati, akakikandamiza tena kwa nguvu mpaka ngozi ya mzee ikafanya duara jeupe, ili betri ya kisomeo iisukume ile ya bodi. Akapuliza. Hakuna kitu. Vidole vya mzee vikaanza kuchimba mchanga, kucha zinakwaruza, kisha zikaacha kukwaruza. Akapuliza. Kibwana alikuwa anasema baba, baba, baba, bila kupumzika, kama mtoto anayegonga mlango.

Nyekundu. Njano. Lubasha akapuliza, kichwa kinamzunguka, nyota zinamcheza machoni, akainua mdomo kuvuta hewa nyingine.

Kifua kikapanda kabla hajarudi.

Akabaki ameinama pale, mdomo wazi, anatazama. Kikashuka. Kikapanda. Kijani. Mzee Mwinshehe akavuta hewa kwa sauti ya mlango wenye kutu, akakohoa, akageuka upande, akatema mchanga. Watu wakaanza kupiga takbiri, wengine wanalia, na huyo wa mwavuli anauliza kila mtu kimetokea nini na hakuna anayemjibu.

"Rambirambi?" mzee akauliza sauti ilipomrudia.

"Zimekwenda. Zote."

Mzee akafumba macho. Halafu akamshika Kibwana bega, akainuka, akafunga vifungo vya kanzu kimoja kimoja, akashuka kaburini.

Walimshushia Kondo. Kitambaa kikashikwa juu ya shimo kama desturi ilivyo, kwa hiyo Lubasha hakuona kitu. Alilala kifudifudi ukingoni, sikio chini, watu wanamruka kama gogo, akasikiliza. Sanda inakwaruza udongo. Mzee anamwambia mdogo wake maneno ambayo si ya kusikilizwa na mtu mwingine. Na chini ya maneno, akiwa ameinama kabisa, amelala karibu kama aliyemlaza: vuta, toa, vuta, toa.

Baada ya dua watu wakaanza kutawanyika. Wakampita Lubasha kwa heshima, wakimpa njia. Akabaki amesimama pale kwenye rundo, mikono inamning'inia, anangoja mzee afike. Alijua atasemwa. Alitaka asemwe. Mpagazi, mbeba mizigo, mla pilau za watu, chochote. Neno moja tu la hivyo, na angejua pa kusimama.

Mzee Mwinshehe akafika mbele yake, magoti mekundu kwa udongo. Akamtazama vizuri, kwa utulivu, kama unavyomtazama fundi uliyeletewa na mtu mwingine.

"Marahaba," akasema.

Akapita, mkono kwenye bega la mwanawe, akielekea nyumbani.